Bi. Cherotich wa Ghala la Dahlia

Jumatano tarehe 30 Aprili 2025, Bi. Cherotich anastaafu kazi ya kutunza ghala la Chama chetu cha Wapanda Dahlia, baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili na miezi sita. Ndiye mfanyakazi wa kwanza kuajiriwa na Chama hiki, ndiye wa pekee, na kwa jinsi tulivyobaki wachache huenda akawa wa mwisho. Hafla ya kumuaga itafanyika Jumamosi inayofuata katika ukumbi wetu wa kawaida kule Scarborough. Leteni chakula. Msilete maua ya dukani, kwa sababu atayanusa na kuwaambia yamekatwa siku gani.

Kamati iliniomba niandike ukurasa mmoja wa kuchangamsha. Mimi, Mutuma, nilikuwa mwenyekiti wa Chama hiki kwa miaka tisa, na sasa ni katibu kwa kuwa hakuna mwingine aliyenyoosha mkono. Ukurasa mmoja umenishinda, na kuchangamka nimechangamka nusu tu. Kuna jambo linalomhusu Bi. Cherotich ambalo Chama kililiandika kwa uongo mwaka 2014, na uongo huo umekuwa ukisomwa tangu wakati huo. Asipoondoka na jina lake likiwa limesafishwa, basi ataondoka nalo likiwa chafu, na aliyelichafua ni mimi na wenzangu. Anayetaka kucheka asome mpaka kwenye biriani, kisha akajipakulie chai.

Kwa wageni, na kwa watoto wetu ambao watayaelewa maneno haya lakini watayajibu kwa Kiingereza, nianze na mwanzo. Chama kilizaliwa mwaka 1984 Rexdale, hapa Toronto, katika vile viwanja vidogo vya bustani vilivyo chini ya nyaya kubwa za umeme. Mwanzilishi wake, Mzee Anwarali, alikuwa na duka Lushoto, Tanzania, na mama yake alipanda dahlia ua mzima wa nyuma ya duka. Alipofika Toronto akapata kazi katika kiwanda cha plastiki karibu na uwanja wa ndege. Siku moja mkewe, Bi. Noorbanu, alimtuma mkate. Njiani akaona viazi vya dahlia vinauzwa, akanunua mfuko mzima, akarudi nyumbani bila mkate. Mwezi uliopita Bi. Noorbanu aliutaja tena mkate ule.

Familia sita zilijiunga naye mwaka ule: za Kiismaili kutoka Tanzania na Uganda, ya Bwana Elias aliyetoka Bukoba, na mbili za Kenya. Maua yalitoka mazuri kupita kiasi. Tatizo lilikuja baadaye. Lushoto, dahlia hukaa ardhini mwaka mzima. Unakata shina, kiazi kinalala kidogo, kisha kinaamka chenyewe. Waanzilishi wetu walifanya vivyo hivyo. Mwezi wa kumi walikata mashina, wakafunika udongo kwa majani makavu, wakaenda zao kungoja. Majirani wa viwanja vile, Waitaliano na Wareno waliozoea baridi, walipita wakiangalia na kutikisa vichwa, lakini hakuna aliyependa kuonekana mjuaji. Mwezi wa nne walichimba, wakakuta uji mweusi unaonuka.

Fungu moja tu la viazi lilipona. Bi. Noorbanu alikuwa amelichimba mapema na kuliweka kwenye ndoo chini ya sinki la jikoni, kwa sababu alitaka ua la dirishani. Mzee Anwarali akalitoa, akachukua kisu chake cha kukunja chenye mpini wa mfupa, kile alichokuwa akifungulia magunia dukani Lushoto, akalikata vipande saba. Kila kipande kilikuwa na jicho lake, maana kiazi cha dahlia kisicho na jicho hakioti. Kila familia ikapata kimoja. Watu walilia siku ile, na wengine walikuwa hawajalia hata uwanja wa ndege walipoondoka kwao.

Hapo ndipo ilipoanza Siku ya Kisu, ambayo wazee kati yetu wanaikumbuka kuliko sikukuu nyingine. Kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nne tulikusanyika ukumbini na mafungu yetu ya viazi, tukayakata tayari kwa kupanda. Kilitumika kisu kimoja tu, cha Mzee. Yeye alianza na fungu lake, kisha kisu kikapita mkono kwa mkono, familia kwa familia, kwa kufuata nani alijiunga mwaka gani. Kati ya mtu na mtu Bi. Noorbanu alikifuta kwa kitambaa cheupe. Aliyejiunga karibuni alikata mwisho, na siku hiyo ndipo alipohesabiwa kuwa mwanachama. Nakumbuka zamu yangu ya kwanza, mwaka 1990. Mimi ni mtu wa Meru na sikuwa na ndugu hata mmoja mji huu. Nilipopewa kile kisu kingali na joto la mikono ya watu, nilijisikia nimefika.

Baada ya msiba ule wa kwanza, Chama kiliamua kuwa na ghala. Kila mwezi wa kumi viazi vyote vichimbwe, viwekwe kwenye maboksi yenye maranda ya mbao, vikae mahali pasipo na joto wala barafu mpaka mwezi wa nne. Tulipata chumba cha chini kwenye plaza moja ya maduka karibu na barabara ya Kipling, chini ya duka la vitambaa. Mwanzoni tulilitunza kwa zamu, na hiyo ndiyo asili ya biriani. Msimu wa baridi wa mwaka 1991, mwanachama mmoja aliyekuwa na zamu aliozesha binti, akaona ghala lina nafasi, akahifadhi humo magunia ya vitunguu na viazi vya karamu. Mpishi akatumwa kuvichukua. Akabeba na maboksi mawili ya dahlia. Wageni mia tatu walikula maua ya Bwana Elias kwenye biriani ya mbuzi, na hakuna aliyeugua. Wengi walilalamika tu kwamba viazi vya Kanada havina ladha.

Ndipo wazee walipokubaliana kuajiri mtu. Oktoba 1992 alikuja mwanamke mrefu, mpole, aliyekuwa akifanya kazi ya kupanga mizigo katika bohari moja Downsview. Alikuwa ametoka Kericho, na kabla ya kuja Kanada alifanya kazi miaka saba katika shamba la maua Naivasha. Mzee Anwarali alimuuliza anajua nini kuhusu dahlia. Bi. Cherotich akasema hajawahi kuzitunza. Kisha akainama kwenye boksi lililokuwa mezani, akanusa, akatoa kiazi kimoja kizima, kinene, cha kupendeza, akasema hiki kimeoza. Mzee alikipasua. Ndani kilikuwa kahawia. Usaili uliishia hapo.

Kuanzia siku ile, kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ya majira ya baridi, alishuka kwenye basi la Kipling na kufungua ghala. Alinusa boksi moja moja. Aliandika nyuzi za joto kwenye daftari, na madaftari hayo yote thelathini na mawili yapo. Majina yetu aliyaandika kwa penseli kwenye vijiti vya mbao, akatukataza kalamu za wino kwa kuwa wino huvuja kwenye unyevu. Alitupigia simu kututolea taarifa, sauti kama ya muuguzi wa wodi: mgonjwa wako ameamka salama, mgonjwa wako ana ukungu kidogo nimemkata kidole, wa kwako pole, tumempoteza. Mke wangu alipoipokea simu ya namna hiyo mara ya kwanza, alikaa chini.

Bi. Cherotich alikuwa na ua lake pia. Mwaka 1995 alipanda mbegu, kazi ambayo wengi wetu hatukuthubutu kuifanya, kwa sababu mbegu ya dahlia haizai kama mzazi wake na unaweza kungoja miaka upate takataka. Machi 1998 mama yake alifariki Kericho. Makaratasi yake ya uhamiaji yalikuwa bado hayajakamilika. Angetoka Kanada asingeruhusiwa kurudi. Hakwenda kuzika. Septemba ya mwaka ule mche mmoja kati ya ile ya mbegu ulitoa ua jekundu lililokoza, karibu jeusi, lenye petali zilizojikunja ndani. Akaliita Tapsabei, jina la mama yake. Mwaka 2001 lilichukua nafasi ya kwanza kwenye maonyesho yetu, na tangu hapo kila mwanachama alitaka kipande. Aliwapa wachache. Wengine aliwaambia bado.

Sasa nafika kwenye Desemba 2013. Wengi wenu mnaikumbuka mvua ya barafu ile, matawi yakivunjika kama biskuti na nyaya zikianguka. Upande wa Rexdale umeme ulikatika siku nne. Ghala lilikuwa na maboksi mia mbili na kumi na mawili ya familia sitini na moja, na joto lilikuwa likishuka kutoka nyuzi tano kwenda moja. Bi. Cherotich aliteremka njiani basi liliposhindwa kuendelea, akatembea kilomita nne juu ya barafu, akafungua mlango na kuanza kutupigia simu. Leteni mablanketi. Mwenye jiko la gesi achemshe maji, alete kwenye chupa. Tulikwenda. Mchana kutwa, siku nne, watu waliingia na mablanketi, khanga, majaketi na chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa taulo, naye akizipanga na kuzibadilisha. Tulipoteza maboksi matatu tu. Mablanketi yalichanganyika, na mpaka leo nyumbani kwangu kuna moja lenye tausi wawili ambalo mwenyewe hajajitokeza.

Jumamosi tarehe 26 Aprili 2014 ilikuwa Siku ya Kisu. Tulikuwa na furaha ya watu walionusurika. Mzee Anwarali alikuwa mgonjwa wa mapafu, amekaa kwenye kiti chake mbele, kisu mapajani. Bi. Cherotich alimletea boksi lake kama kawaida, akafukua maranda, akasita. Shingoni mwa fungu la Mzee kulikuwa na vivimbe vidogo, vyeupe, vilivyosongamana kama koliflawa, kila kimoja ukubwa wa punje ya dengu. Nilikuwa hatua mbili kutoka pale. Niliviona.

Chini ya meza alikuwa na ndoo ya maji yaliyotiwa jiki ya kuua vijidudu. Alikuwa ameiandaa asubuhi, kwa sababu alikuwa ameanza kuwa na wasiwasi, na kwa sababu Naivasha mtu aliyekata mche wa pili bila kuchovya kisu alifukuzwa kazi. Aliinama, akasema kwa sauti ya chini:

"Mzee, hii imeshikwa na ugonjwa. Tuiweke kando. Na kisu tuwe tunakichovya hapa, kila mtu akimaliza."

Mzee hakukasirika. Alionekana ameumia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Jiki, mama? Maua yangu yana uchafu gani? Miaka thelathini tunakata hivi hivi."

Watu sitini na zaidi, wengine wamevaa nguo za sikukuu, wakamwangalia mzee mgonjwa na mtumishi aliyesimama mbele yake na ndoo. Bi. Cherotich aligeuka, akaniangalia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti. Nikasema, "Tuendelee tu, mama. Ndiyo desturi yetu." Nilitabasamu nikisema hivyo. Naikumbuka vizuri tabasamu ile na ninaionea aibu.

Alifunika ndoo. Mzee akakata fungu lake, kisu kikapita kwa Bwana Elias, kikapita kwa wengine, kikafutwa kwa kitambaa kilekile, kikafika kwangu, kikaenda. Kwa kuwa alikuwa mwajiriwa, Bi. Cherotich alikata baada ya familia zote. Alikata Tapsabei kwa kisu kile akijua kimepita wapi. Nilimuuliza Februari hii kwa nini alikata. Alisema, "Ningekataa mngesema najitenga na watu."

Oktoba tulichimba. Hakuna fungu lililokuwa salama. Vivimbe vingine vilikuwa na ukubwa wa ngumi. Ugonjwa ule hauna dawa, na hukaa ardhini miaka, kwa hiyo viwanja vyetu navyo vilikuwa vimekwisha. Maua yote ya Chama, pamoja na yale yaliyotokana na fungu la sinki la Bi. Noorbanu, yaliingia kwenye mifuko myeusi ya taka na kusombwa na lori asubuhi moja ya mvua. Bi. Cherotich alianza na mifuko yake, ili asiwepo wa kusema anaficha. Tapsabei haipo tena popote duniani. Kila kipande kilichowahi kutolewa kilikuwa kwenye ghala letu.

Novemba tuliitisha mkutano. Watu walikuwa na uchungu, na uchungu ulitaka mtu wa kuuangukia. Nani alianza kusema mablanketi, sikumbuki. Kwamba yalikuwa na unyevu. Kwamba chupa zilivuja. Kwamba ghala lilijaa mvuke siku nne na huo ndio uliozaa ugonjwa. Ilikuwa na sura ya ukweli, na zaidi ya yote ilikuwa nafuu, kwa sababu Mzee Anwarali alikuwa ameketi mbele yetu na hewa ya mtungi puani, na hakuna aliyetaka kuangalia upande wake. Nilitamka, Bwana Elias akaandika: ugonjwa umetokana na unyevu wa mablanketi ulioingizwa ghalani kwa uzembe wa mtunza ghala. Tulitia sahihi watatu: Mzee, Bwana Elias na mimi. Tulikubaliana asifukuzwe, tukajiona watu wa huruma. Alipoulizwa kama ana la kusema, Bi. Cherotich alisema hana, akauliza kama vikombe vyote vimekusanywa.

Wiki ya tatu ya Desemba nilipokea barua. Kabla ya kutupa viazi nilikuwa nimepeleka kipande kwenye maabara ya chuo cha kilimo, na nilikuwa nimesahau. Barua ilikuwa fupi. Ugonjwa huu hausababishwi na unyevu wa ghala. Kijidudu chake huingia penye jeraha, na vivimbe vyote vimeota penye mkato. Yaelekea umesambazwa kwa kisu kisichosafishwa. Niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama kwenye ngazi na viatu vya theluji miguuni. Wakati huo Mzee Anwarali alikuwa hospitalini. Nilijiambia nimwache mzee wa watu afe kwa amani, nikaitia barua kwenye droo.

Alifariki Februari 2015. Hadi hapo labda mtu angenielewa. Lakini kiangazi kilichofuata nilihariri kijitabu cha historia ya Chama, kile chenye jalada la kijani, na kwenye ukurasa wa kumi na tisa niliichapa ile sentensi kama ilivyo. Barua ilikuwa kwenye droo ya meza ileile niliyokuwa nikichapia. Hapo sina mzee wa kumsingizia. Niliogopa kuulizwa mimi, kama mwenyekiti, nilikuwa wapi ndoo ilipofunikwa.

Familia nyingi ziliondoka. Kutoka sitini na moja tumebaki kumi na nne. Bi. Cherotich hakuondoka. Alitutafutia chumba kipya Downsview, kwenye bohari alilokuwa akifanyia kazi, na udongo safi wa kujaza mapipa, na viazi vipya kutoka mbali. Siku ya kwanza ya kukata mwaka 2015 alikuja na ndoo yake na kuiweka katikati ya meza bila kuomba ruhusa ya mtu. Kila mwanachama alileta kisu chake. Miaka kumi imepita na hakuna hata boksi moja lililougua. Katika wasifu wa kawaida, haya ndiyo mafanikio ningeyaweka mwanzo na kuyapigia mstari.

Na miaka yote hiyo kijitabu kiligawiwa. Kila mwanachama mpya alipewa, akasoma ukurasa wa kumi na tisa, kisha akaenda ghalani kukutana na mtu aliyesomwa. Amreen, alipojiunga mwaka 2019, alimuuliza kwa nia njema kabisa wakinywa chai, "Aunty, wewe ndiye yule wa mablanketi?" Bi. Cherotich alijibu ndiyo, ni yeye. Amreen alinisimulia hayo akicheka. Niliondoka nikaenda kusimama maegeshoni.

Februari mwaka huu nilikwenda nyumbani kwake kuchukua tarehe za wasifu huu, na nilikwenda na ile barua. Alivaa miwani, akaisoma mpaka sahihi ya mwisho, akaikunja.

"Hii letter sikuihitaji, Mutuma. Niliona kwa macho yangu."

Nikamwambia nilikuwa nayo tangu 2014. Hilo hakuwa analijua. Alivua miwani, akaiweka juu ya barua. Kisha akasema, "Ulikuwa nayo wakati unaandika kile kitabu." Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi andika tena. Na uandike nikiwa bado niko hapa, nisome mwenyewe."

Mkutano wa Machi ulikuwa na watu kumi na watatu. Nilisoma barua, kisha nikasema nilichofanya. Bwana Elias alitangulia mbele ya haki mwaka 2021, kwa hiyo kati ya wenye sahihi tatu nimebaki peke yangu, na ilifaa iwe hivyo. Mtu mmoja alisema mambo ya zamani yaachwe, marehemu asivunjiwe heshima. Bi. Noorbanu, mwenye miaka themanini na minne, aliomba asaidiwe kusimama.

"Kisu kilikuwa cha nyumbani kwangu," alisema. "Kitambaa kilikuwa changu, nilifuta mtu hadi mtu, nikawagawia wote ugonjwa. Yule mama alituambia. Andikeni hivyo, na jina la mume wangu msilifiche."

Imeandikwa. Kumbukumbu za Chama sasa zinasema kwamba ugonjwa wa mwaka 2014 ulisambazwa na kisu cha pamoja. Kwamba mtunza ghala aliutambua na kutoa tahadhari mbele ya wanachama. Kwamba mwenyekiti alimkatisha. Na kwamba mwenyekiti huyohuyo alificha ushahidi kwa miaka kumi. Nimetia sahihi. Vijitabu vya kijani vilivyobaki kwenye kabati tumevichana. Vile karibu mia mbili vilivyo kwenye nyumba za walioondoka, kuanzia Ajax mpaka Brampton, hatuwezi kuvirudisha, na humo Bi. Cherotich atabaki kuwa mzembe.

Wiki iliyopita nilimpelekea rasimu ya maneno haya. Aliirudisha kesho yake. Alikuwa amesahihisha mambo mawili: nilikuwa nimeandika nyuzi sita pale penye tano, na jina la mama yake nililikosea herufi. Karibu na mwisho, kama ilivyo kawaida ya wasifu wa namna hii, nilikuwa nimeandika kwamba pamoja na yote, Bi. Cherotich ametusamehe. Sentensi hiyo aliikata kwa mstari mmoja, ulionyooka. Pembeni hakuandika kitu. Nimeiondoa.

Bi. Cherotich, hukuleta ugonjwa. Uliuona kabla yetu, ukatuambia, tukakunyamazisha kwa upole na kwa tabasamu, kisha tukakubebesha. Ahsante kwa miaka thelathini na miwili ya kututunzia tulichokipenda, ikiwemo ile kumi ambayo hatukustahili. Chama kizima kinakutakia afya njema, miguu iliyopumzika, na majira ya baridi ambayo hayatakutoa nje kwa ajili ya mtu yeyote. Mimi nakuomba radhi hapa, mbele ya wote. Sitakuuliza jibu.